Rangi za Mabaki

Mtu anayeshona blanketi la viraka Mugumu au Tarime mjini, mkoani Mara, haendi dukani kuchagua rangi. Rangi zake zimekwisha kuchaguliwa na watu wengine: wanakwaya waliotaka sare ya Pasaka, familia iliyoozesha binti, shule iliyoamua sketi za wanafunzi wake ziwe za damu ya mzee, wafiwa waliotaka kitenge kimoja ukoo mzima. Yeye anapokea kilichoanguka chini ya cherehani. Anakusanya mabaki kwa fundi huyu na yule, anajaza kiroba, anakimwaga mkekani, kisha anakaa mbele yake. Hapo ndipo kazi ya rangi inapoanza, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ushonaji wa viraka. Kukata kunafundishika kwa siku moja. Mshono ulionyooka unafundishika kwa juma. Kujua kipi kikae kando ya kipi, na kipi kirudi kirobani, ni jambo la miaka.

Kiroba cha mabaki kina majira yake. Januari shule zinapofunguliwa, mafundi hushona sare usiku na mchana, na kiroba cha mwezi huo hujaa buluu iliyokoza ya sketi za shule za msingi, nyeupe ya mashati, kaki, na kijani na damu ya mzee za sekondari. Ni rangi tupu, bila ua hata moja. Kuelekea Machi huingia vitenge vya Siku ya Wanawake, ambavyo kikundi kizima huvishona kutoka jora moja, hivyo vipande vyake huja vingi vya aina moja. Pasaka huleta kwaya. Baada ya mavuno huja harusi, na harusi huleta satini, lesi, waridi, dhahabu, zambarau: vitambaa vinavyong'aa na kuteleza mkononi, ambavyo mimi huviweka kando hata viwe vizuri namna gani, kwa sababu havielewani na pamba kwenye mshono wala kwenye maji. Mwaka wa uchaguzi huleta kijani na njano. Na Tarime, kwa kuwa Sirari ni mpakani na wafanyabiashara wake hununua pande zote mbili, kirobani hukutana leso zilizovuka kutoka Kenya, vitenge vilivyonunuliwa Mwanza, na mashati ya mitumba yaliyochakaa kola.

Kwa hiyo anayeuliza achague rangi zipi anauliza swali la mtu mwenye duka. Sisi tunauliza lingine: katika hizi zilizokuja, zipi tuzikatae, na tulizozipokea tuzipange vipi ili mtu akiliona blanketi aseme kuna aliyeamua.

Nasisitiza kuamua kwa sababu ya mambo yaliyowahi kuipata nchi hii. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawajaisahau nguo yenye viraka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na fedha za kigeni zilikuwa zimekauka. Viwanda vya nguo tulivyojivunia, Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, Mwatex cha Mwanza, na hapa mkoani kwetu Mutex cha Musoma, vilihangaika kwa kukosa vipuri. Mkoa uliolima pamba ulikosa khanga. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyerudi mikono mitupu alivaa alichokuwa nacho mpaka kikawa viraka juu ya viraka. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao kuagiza bidhaa kutoka nje, na baadaye mitumba ikajaa kila soko. Mama wa rika hilo ukimwonyesha blanketi la vipande anaweza kukuuliza, kwa upole lakini kwa uchungu, kwa nini unataka kumrudisha alikotoka. Mugumu niliulizwa hivi: "Mwanangu, haya sisi tuliyavaa kwa shida. Ninyi mnayatandika kwa raha gani?"

Swali hilo linastahili jibu la kweli. Kiraka cha shida hujificha. Fundi hutafuta kitambaa kinachofanana na nguo, hukipachika kwa ndani, hutumia uzi wa rangi ile ile, na aliyevaa huomba asitazamwe. Kiraka cha hiari hujitokeza. Kimekatwa pembe nne sawasawa, kimewekwa kando ya kisichofanana nacho, tena kimerudiwa mahali pengine pawili au patatu ili jicho lijue hakikuja kwa bahati. Kitambaa kinaweza kuwa kile kile; kinachovitenga viraka hivi viwili ni mpango wa rangi. Ndiyo maana blanketi lililoungwa ovyo, kila kipande kilivyotoka kirobani, humuumiza yule mama: analiona ni shida iliyoongezwa upana. Lililopangwa hulipapasa, akahesabu vipande, akauliza limeshonwa na nani.

Sasa kupanga kwenyewe. Jambo la kwanza ninaloliangalia ni giza la kitambaa, kabla sijauliza ni chekundu au cha kijani. Kila rangi ina kiwango chake cha giza. Nyekundu ya khanga na kijani ya sare zinaonekana mbalimbali kabisa, lakini mara nyingi giza lao ni moja, na ukizipanga kama ubao wa dama, mtu aliyesimama mlangoni haoni dama. Anaona doa moja zito. Ukitaka kujua, fumba macho nusu na utazame kwa kope. Wasichana wenye simu hupiga picha kisha huiondolea rangi ibaki nyeusi na nyeupe, na ni njia nzuri kuliko ya kope. Nyingine ni kusubiri magharibi, jua likishazama na taa hazijawashwa, saa ambayo rangi hufifia na giza na mwanga ndivyo vinavyobaki. Ila saa hiyo huionea nyekundu. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, alilieleza jambo hili karne ya 19: mwanga ukipungua, jicho huipoteza nyekundu mapema na kuishikilia buluu. Kwa hiyo anayepanga vipande jioni asishangae asubuhi akikuta nyekundu aliyoihesabu kuwa ya giza imeamka na inapiga kelele.

Tuseme kitanda ni cha nne kwa sita, yaani inchi 48 kwa 72. Vipande vya mraba vikikatwa inchi 7, na nusu inchi ya kila upande ikaliwa na mshono, kinabaki kipande cha inchi 6. Vinaingia 8 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 96. Mimi hutaka 48 viwe vya giza, 32 vya kati, na 16 vyepesi. Mtu wa mahali pengine anaweza kuwa na hesabu yake, lakini hii naitetea kwa sababu ya viroba vyetu. Giza tunalo tele. Januari imetupa buluu ya kutosha. Vyepesi ni vichache na watu hukimbilia nyeupe ya mashati, ambayo ni nyepesi mno: kipande kimoja cha nyeupe safi katikati ya buluu humnyang'anya mtazamaji vingine vyote. Afadhali rangi ya maziwa, kijivu cha jivu lililopoa, au njano iliyofuliwa mara nyingi. Kama nyeupe ndiyo pekee iliyopo, ichovywe kwanza kwenye majani ya chai yaliyochemka, ishushwe kidogo.

Vya kati ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo vinavyofanya giza na mwanga viweze kukaa kitanda kimoja. Hapa kitenge ni mwalimu mgumu. Kitenge chenye mduara mkubwa kama sinia, ukikikata vipande vya inchi 7, hakibaki kitenge kimoja tena. Kipande cha kwanza kimetoka kote njano, cha pili kimegawanyika njano na nyeusi, cha tatu hakina njano kabisa. Kitambaa kimoja kinaingia mafungu yote matatu. Kinyume chake, kitenge cha maua madogo madogo ukikitazama kutoka mbali rangi zake huchanganyika, na nyekundu yake na kijani yake hukuachia kahawia tulivu ambayo hakuna aliyeichapa. Ninapomwona mtu anapanga mafungu kwa kutaja majina ya rangi, hiki chekundu, hiki cha kijani, humwomba asimame, arudi nyuma mpaka ukutani, atazame tena.

Kisha kuna ujirani. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi walizopewa ni hafifu, hazina nguvu kwenye vivuli vya mavazi waliyokuwa wakiyafuma. Chevreul akazilinganisha nyuzi zile na nyeusi bora za kutoka kwingine, akakuta hazipungukiwi chochote. Tatizo lilikuwa kwa majirani: nyeusi ile ilifumwa kando ya buluu na urujuani, nazo zikawa zinaifisha. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa jirani kilisomwa na wachoraji wa Ulaya kwa miongo mingi. Nalikumbuka jambo hilo kila mwanzo wa mwaka. Buluu ya sare ukiiweka kando ya kaniki, zote mbili zinakufa. Isogeze kando ya machungwa ya kitenge, ni kitambaa kile kile, hujakifua wala hujakipiga pasi, nacho kimefufuka.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema rangi fulani ni mbaya. Kaki hasa inaonewa. Wanawake wengi huitupa kwa kuwa ni rangi ya kaptula za shule za zamani, ya migambo, ya kazi. Lakini blanketi la vitenge vitupu, kila kipande kikiwa na maua yake na sauti yake, huchosha. Mtu anakosa pa kupumzishia macho. Vipande 10 au 12 vya kaki vilivyotawanywa humo huwapa vitenge nafasi ya kusikika. Kaki kando ya waridi ni ya upole kabisa. Kando ya damu ya mzee inapata joto. Na sare peke yake, bila kitenge hata kimoja, inaweza kutosha blanketi zima. Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934 na kuanzisha kanisa ambalo leo limeenea mkoa mzima wa Mara walitumwa na kanisa lao la Lancaster, Pennsylvania. Katika wilaya hiyo hiyo ya Lancaster, Waamishi, ambao kanisa lao halikupenda vitambaa vya maua, walishona mablanketi kwa vitambaa vya rangi tupu tu, buluu, zambarau, nyekundu iliyoiva, kijani nzito, na leo mablanketi yale yanatunzwa katika majumba ya makumbusho. Waliyafikia kwa kufuata kanuni ya kanisa. Sisi kiroba cha Januari kinatufikisha hapo hapo.

Vumbi nalo lina haki yake. Vilima vya Tarime vina udongo mwekundu, na usiku wake una baridi inayofanya blanketi liwe hitaji la kweli. Ukishuka Serengeti, udongo wa mbuga nyeusi hupasuka kiangazi na vumbi lake huingia hadi chini ya mto wa kulalia. Blanketi la Nyamwaga lenye mstari mpana wa rangi ya maziwa chini, upande wa miguu, litakuwa na madoa ya kahawia kabla ya mavuno. Huko chini weka damu ya mzee, kahawia, ugoro: rangi zinazolipokea vumbi kama ndugu. Vyepesi vipandishwe juu, upande wa kichwa.

Na kila kitambaa kipimwe kabla hakijaingia. Chovya kipande kwenye maji ya moto ndani ya beseni jeupe, kikamue juu ya kitambaa cheupe. Kikichuja, kirudi kirobani, maana nyekundu moja inayochuja inaweza kuharibu vipande 95 vya jirani zake. Kupauka ni jambo jingine, na linahitaji akili zaidi. Shati la mitumba limekwisha kupauka. Lilipauka likiwa kwa mwenyewe wa kwanza, sasa limetulia. Kitenge kipya ndiyo kwanza kinaanza safari. Ukivilinganisha leo vikawa sawa kabisa, baada ya miaka miwili ya jua na sabuni ya mche kitenge kitakuwa kimeshuka, shati liko pale pale, na usawa uliouona hautakuwepo. Mimi hupanga kwa kufikiria mwaka wa tatu. Kitenge kipya nakichukua kilichokoza kuliko ninavyotaka, na kukiweka karibu na mtumba ambao kitaufikia baadaye.

Mpaka hapa nimesema kama kwamba jicho ni jicho tu. Lakini mtu wa Mara akitazama blanketi haoni rangi peke yake. Kijani na njano zikikaa pamoja zimekuwa chama tawala, au zimekuwa timu ya Yanga, na mwenye kitanda anaweza kuwa wa Simba, au anaweza kuwa mtu wa Tarime, ambako wapinzani wamewahi kuingia bungeni kwa kura za watu wengi. Sisemi rangi hizo zifutwe. Kati yake ipite damu ya mzee au buluu, au njano ivutwe kuelekea machungwa, na maana ile inalegea. Nyeupe, nyekundu na nyeusi zikiwa tatu peke yake humkumbusha mzee vitambaa vya mganga, naye hatalilalia blanketi hilo hata ukimwapia. Nyeupe tupu pana ina harufu ya sanda. Wageni hawazijui jozi hizi, na vitabu vya rangi vilivyoandikwa mbali havizitaji, ila mshonaji wa hapa asiyezijua atashona kitu kizuri kisicholaliwa.

Buluu na nyeusi zina kisa chao upande wa hifadhi. Ukipita barabara za kuelekea Serengeti utaona vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti. Ni mitego ya mbung'o. Mdudu huyo huvutwa na buluu kutoka mbali, kisha hutua kwenye nyeusi, na kitambaa hicho hupakwa dawa ya kumuua. Ndiyo maana watu wanaoingia porini huonywa wasivae rangi hizo. Kwa mtu wa Robanda au Nata aliyechunga ng'ombe maeneo yenye mbung'o, na anayejua nagana ya ng'ombe na malale ya watu, buluu iliyokoza iliyoshikana na nyeusi ni mtego. Nimewahi kuona blanketi zuri la jozi hiyo likikataliwa na kikundi kizima kabla halijamalizika kukunjuliwa. Buluu ile ile, ilipopewa kaki na machungwa, ilikubaliwa.

Wapo wanaowashauri wanawake wa Serengeti washone kwa rangi za hifadhi: nyasi kavu, udongo, kahawia, dhahabu ya machweo, na michirizi ya pundamilia pembeni. Nia yao ni njema, kwani mgeni wa hoteli hununua alichokuja kukiona. Ushauri huo siupendi. Kwanza, nyika yenyewe haiko hivyo mwaka mzima. Moto ukishapita na mvua ya kwanza ikanyesha, majani machanga hutoka kwenye majivu, kijani kali juu ya nyeusi, jozi ambayo hakuna mshauri anayethubutu kuitaja. Pili, wanawake wa wilaya ya Serengeti hawaishi ndani ya picha ya hifadhi. Wanaishi Mugumu, kwenye mnada, kwaya, bodaboda, ndoo za plastiki za waridi na viti vya plastiki vya buluu, na kwenye vitenge vyenye machungwa yanayogusana na zambarau bila kuomba ruhusa. Anayeyaacha mabaki yake mwenyewe akaenda kununua kitambaa cha rangi ya nyasi ili kumridhisha mgeni amepoteza faida ya kwanza ya kazi hii, kwamba malighafi haikumgharimu kitu, na amepoteza pia ujuzi wake, kwa sababu macho yake yalilelewa na zile rangi kali.

Gee's Bend wangenielewa. Ni kijiji kilichozungukwa na kona ya Mto Alabama, Marekani, chenye wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, na wanawake wake wameshona mablanketi ya viraka kwa vizazi vingi kutokana na ovaroli na mashati ya kazi yaliyochakaa. Mwaka 1966, wakati wa harakati za haki za raia, ushirika wa ushonaji uitwao Freedom Quilting Bee ulianzishwa katika eneo lile, na mwaka 1972 ukapata mkataba wa kuishonea kampuni ya maduka ya Sears foronya za kodrai. Kodrai ilikuja kwa rangi zilizopendwa sokoni miaka ile: dhahabu, kijani ya parachichi, nyekundu. Mabaki yalibebwa nyumbani, na nyumbani yakashonwa mablanketi ambayo leo yako miongoni mwa yanayosifiwa zaidi. Maonyesho ya kazi za kijiji kile yalifunguliwa Houston mwaka 2002, yakaenda katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na wahakiki wakayataja pamoja na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Dhahabu ile na kijani ile hawakuzichagua wao. Zilichaguliwa na kampuni yenye makao Chicago kwa ajili ya makochi ya watu wengine. Wao waliamua mstari wa dhahabu uishie wapi, na kijani ipande mpaka wapi kabla ya kukatwa na nyekundu. Nikiitazama kodrai ile naiona buluu ya Januari.

Kiko kitambaa kimoja ambacho bado sijakisema, na hapa sitapita haraka. Kwa Wakurya, msimu wa tohara hufika mwishoni mwa mwaka, mara nyingi kila mwaka wa pili, shule zikiwa zimefungwa. Waliotahiriwa hurudishwa nyumbani kwa nyimbo na vigelegele, wamefunikwa khanga mpya za rangi kali. Kwa mvulana ni khanga za heshima. Kwa msichana ni khanga za ukeketaji, ambao sheria ya Tanzania imeukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, na ambao haujakwisha. Mugumu ipo nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, na upande wa Tarime kiko kituo cha Masanga. Wasichana hukimbilia huko msimu unapokaribia, na Mugumu ushonaji ni miongoni mwa stadi wanazofundishwa. Khanga za Desemba zenyewe hazitupwi. Zinabebea watoto, zinatumika jikoni, zinachakaa, na baada ya miaka vipande vyake vinaingia kirobani pamoja na vingine. Ukiwa na macho tu utaona nyekundu nzuri yenye pindo jeusi. Aliyefunikwa nayo, au aliyeshuhudia dada yake akifunikwa nayo, anaona siku ile.

Kwa hiyo sipendi mtu mmoja achague rangi za blanketi la kikundi kwa kutazama vitambaa bila kuwauliza waliovileta. Yupo atakayetaka kipande kile kiwemo, kishonwe pembeni, kati ya kaki mbili, kipoe. Yupo atakayetaka kisionekane tena. Mwingine atakata jina la khanga na mji wake, abakize pindo peke yake. Siwezi kusema nani kati yao ana jicho zuri zaidi. Najua kwamba ukimpa binti wa miaka 15 mpango uliokamilika, weka hiki hapa, hiki pale, umemfundisha mshono na umemnyima kazi yenyewe. Wengi wakianza huuliza, "Mwalimu, ipi ndiyo sahihi?" Wamezoea kuambiwa: siku yao ilipangwa na wazee, ng'ombe wa mahari yao walihesabiwa na baba na wajomba. Huwa sijibu. Huwaambia watoe vitatu wasivyovipenda, waseme kwa nini, kisha watoe vitatu vingine. Kukataa huja kwa shida zaidi kuliko kuchagua. Akishakataa mara kadhaa kwa sauti, mikono yake huanza kwenda yenyewe kwenye fungu la vyepesi.

Baada ya vipande 96 kuungwa na bitana kuwekwa, ubishi mkubwa kuliko wote huwa wa pindo. Wanaotaka buluu ya sare husema inazuia kila kitu kisitawanyike, tena ipo nyingi. Wanaotaka damu ya mzee husema buluu inalifanya blanketi liende shule. Mimi huwa upande wa damu ya mzee, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya joto lake. Lakini pindo la kitanda cha nne kwa sita linataka ukanda wa inchi 240 na ziada ya kona, na hakuna baki lenye urefu huo. Lazima liungwe. Kikundi nilichokuwa nacho safari ya mwisho kilipopima damu ya mzee yote iliyopo kilikuta inatosha pande tatu tu, na waliokuwa upande wa buluu wakaanza kukata ukanda wa upande wa nne kabla hatujawaambia.